Sayansi ya kompyuta Cornell: Uhandisi au Sanaa na Sayansi?

Ndugu, umeuliza uombe kitivo kipi pale Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ili usome sayansi ya kompyuta, maana kwenye fomu unaruhusiwa kuchagua kimoja tu. Kuhusu somo lenyewe usiwe na hofu, kwani idara ni ile ile na wahadhiri ni wale wale. Tofauti kubwa iko katika masomo yanayolizunguka: Kitivo cha Uhandisi kitakudai fizikia na kemia juu ya hesabu, ilhali kile cha Sanaa na Sayansi kitakutaka usome lugha ya kigeni na masomo ya jamii. Ikiwa kemia ya sekondari uliimaliza kwa taabu, ningekushauri uombe Sanaa na Sayansi, na insha yako ya maombi ikilenge kitivo hicho hasa.