Maswali ya Wasomaji: Shahada ya Saikolojia na Kazi Zake

Barua tatu kati ya zilizotufikia mwezi huu zinahusu masomo ya saikolojia katika chuo kikuu na kazi anazoweza kuzifanya aliyehitimu. Tumezifupisha na kuondoa majina ya walioziandika.

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne na nimepata B- katika mtihani wa KCSE. Ninatamani kusomea saikolojia kwa sababu tangu nikiwa bwenini wenzangu walikuwa wakiniletea shida zao, nami nikiwasikiliza. Baba anasema hiyo ni kazi ya kukaa na wagonjwa wa akili na haina mshahara. Mjomba naye anasema nikihitimu nitakuwa daktari. Nani yuko sahihi, na nitasoma nini hasa? *Msichana wa Kilifi*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na kauli ya mjomba wako, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu: nchini Kenya husomea udaktari kwa miaka sita, hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi, kisha hurudi darasani kwa miaka mitatu au zaidi ili abobee katika magonjwa ya akili, na ndiyo maana anaruhusiwa kuandika dawa. Mwanasaikolojia hapiti njia hiyo wala haandiki dawa. Yeye husomea namna watu wanavyofikiri, wanavyohisi, wanavyokua na wanavyoishi pamoja, na akijiendeleza hadi kuwa mwanasaikolojia wa tiba, humsaidia mgonjwa kwa vipimo maalumu na kwa mazungumzo yenye mpango na lengo. Katika hospitali kama ya Mathari jijini Nairobi, wataalamu hawa wawili wanaweza kumhudumia mtu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa ujuzi wake.

Sasa masomo yenyewe. Kwa alama yako umevuka kiwango cha C+ kinachohitajika kwa shahada ya kwanza, ingawa kila chuo kina masharti yake ya masomo mahususi, nawe uyasome kabla ya kujaza maombi. Saikolojia hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Daystar, USIU na kwingineko, na shahada kwa kawaida huchukua miaka minne. Utasoma ukuaji wa mtoto hadi uzee, saikolojia ya jamii, ubongo na mfumo wa fahamu, kumbukumbu na kujifunza, matatizo ya akili, na nadharia za ushauri nasaha. Utasoma pia takwimu na mbinu za utafiti, na hapa ninaomba unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi waliokuja chuoni kwa moyo kama wako hukata tamaa.

Taaluma hii ilijitenga na falsafa pale ilipoamua kupima. Wilhelm Wundt alipoanzisha maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, alikuwa akipima, kwa mfano, muda ambao mtu huchukua kuitikia sauti au mwanga, na tangu wakati huo mwanasaikolojia amedaiwa ushahidi wa kila anachokisema kuhusu watu. Fikiria zoezi la kawaida la mwaka wa pili: mwanafunzi anagawa hojaji kuhusu usingizi, yenye sentensi kama "Huwa ninalala vizuri" na "Huwa ninaamka nimechoka", na kila sentensi hujibiwa kwa namba kuanzia 1 hadi 5. Akijumlisha namba hizo bila kwanza kugeuza alama za mojawapo ya sentensi, ili 5 iwe 1 na 4 iwe 2, mtu anayelala vizuri na mtu asiyelala kabisa wanaweza kupata jumla ileile, na hojaji nzima ikawa haina maana. Hilo ni kosa dogo la mezani, lakini likifanywa katika kipimo cha huzuni kubwa kinachotumiwa zahanati, mama aliyehitaji msaada anaweza kurudishwa nyumbani bila kuhudumiwa. Kwa hiyo usiichukie hesabu, mwanangu. Ni sehemu ya huruma unayotaka kuwapa watu.

Kipaji chako cha kusikiliza nacho kitafanyiwa kazi upya. Katika mazoezi ya ushauri nasaha wanafunzi huketi watatu watatu: mmoja anaeleza jambo linalomsumbua, wa pili anasikiliza, wa tatu anatazama na kuandika. Anayetazama huweka alama kila mara msikilizaji anapomkatiza mwenzake, anapotoa ushauri kabla hadithi haijaisha, au anapoanza kusimulia yaliyompata yeye. Wale waliosifiwa bwenini kuwa washauri wazuri mara nyingi ndio wanaopata alama nyingi zaidi, kwa kuwa wamezoea kutoa suluhisho, na huchukua muda kabla hawajaweza kuvumilia kimya cha mtu anayetafuta maneno yake.

Kuhusu kauli ya baba yako, sitaki kukudanganya. Shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mtaalamu wa tiba. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusimamia taaluma hii, na kila anayetoa huduma hizo anatakiwa asajiliwe. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia wa tiba ajiandae kwa shahada ya uzamili yenye mafunzo kwa vitendo, akiwahudumia watu halisi huku msimamizi mwenye uzoefu akipitia kazi yake. Ukijumlisha yote, ni safari ya miaka sita au zaidi, na ni vyema familia ijue hivyo leo kuliko kushtuka siku ya mahafali.

Hata hivyo, baba amekosea kudhani kwamba kazi ni hiyo moja tu. Ushauri nasaha katika nchi yetu ulipanuka kwa sababu ya mahitaji halisi ya watu. Baada ya shambulio la bomu la tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, maelfu ya majeruhi na waliofiwa walihitaji zaidi ya bendeji. Miaka michache baadaye vilifunguliwa vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa VVU kwa hiari, ambako mtu alizungumza na mshauri kabla na baada ya kupokea majibu. Mwaka 2001 serikali ilipopiga marufuku viboko shuleni, walimu walihitaji njia nyingine ya kushughulikia nidhamu, na idara za uelekezaji na ushauri zikapewa uzito mpya.

Wenye shahada ya kwanza wengi huanzia pembeni mwa kazi ya tiba. Wapo wanaofanya kazi na mashirika ya watoto na wakimbizi, wapo walio katika idara za rasilimali watu, na wapo watafiti. Nairobi ina taasisi kama Busara, inayochunguza namna watu wanavyofanya maamuzi ya fedha na afya, na APHRC, inayotafiti afya na idadi ya watu. Mahali pa aina hiyo panahitaji mtu anayeweza kuandaa hojaji isiyompotosha mjibu, kumhoji mama wa Kibera kwa heshima, na kusoma takwimu zitakazopatikana. Ndiyo maana nimesisitiza hesabu. Mhitimu aliyeyakwepa masomo ya utafiti hubaki akigombea nafasi chache za ushauri ambazo hana sifa nazo, ilhali mwenzake aliyeyashika ameshaanza kazi na anaweka akiba ya ada ya uzamili. Mweleze baba hayo kwa utulivu, tena mwonyeshe maandishi ya chuo unachokichagua, kwa sababu mzazi anayeuliza habari za mshahara anauliza kama mwanawe atakula.

Swali: Binti yangu yuko mwaka wa pili wa saikolojia. Kila akija likizo anatueleza nani nyumbani ana ugonjwa gani: mdogo wake ana tatizo la umakini, mimi nina wasiwasi uliopitiliza, na yeye mwenyewe ana huzuni kubwa. Je, masomo haya yanamharibu? *Mzazi, Nakuru*

Jibu: Ndugu mzazi, hayamharibu. Wanafunzi wa udaktari nao hujikuta na dalili za kila ugonjwa wanaousoma, na wa saikolojia hupatwa vivyo hivyo kwa kuwa dalili wanazozisoma, kama vile kukosa usingizi, kusahau na kuwa na hofu, kila binadamu anazo kwa kiasi fulani. Ugonjwa hupimwa kwa muda dalili zilipodumu, kwa ukali wake na kwa namna zilivyomzuia mtu kufanya shughuli zake, na mwenye ruhusa ya kutamka hivyo ni mtaalamu aliyefanya uchunguzi kamili. Mkumbushe kwa upole kwamba maadili ya taaluma yake yanamkataza kuwatibu watu wa nyumbani kwake.

Lakini alichosema kuhusu nafsi yake usikipuuze. Vijana wengi huchagua somo hili kwa sababu wana jeraha lao wanalotaka kulielewa. Hiyo si aibu, ila darasa haliwezi kuwa tiba yake. Kaa naye faraghani, umuulize kama analala, anakula na kuhudhuria masomo kama zamani, na kama huzuni imedumu zaidi ya majuma mawili, mhimize aende katika ofisi ya ushauri nasaha ya chuo chake. Akikwambia kwamba anafikiria kujidhuru, usisubiri likizo iishe: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Nina shahada ya ualimu katika saikolojia niliyoipata Dar es Salaam, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa afisa rasilimali watu kiwandani. Ninataka kurudi chuoni nisomee saikolojia ya tiba. Je, nimechelewa, au nibaki nilipo? *Msomaji wa Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, hujachelewa, ila usiondoke kwa kudhani kwamba ulipo hapatumii saikolojia. Kwa mfano, tafiti za miongo mingi zimeonyesha kwamba usaili ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale, na majibu kupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa mapema, hutabiri utendaji kazi vizuri zaidi kuliko mazungumzo ya kufahamiana ambayo ofisi nyingi bado huyaita usaili. Ukilibadilisha hilo kiwandani kwenu, utakuwa umewatendea haki waombaji wasio na ndugu ndani ya ofisi. Kazi hiyo ni saikolojia kamili, na mtu anaweza kuifanya maisha yake yote kwa heshima.

Ikiwa bado moyo wako uko kwa wagonjwa, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Soma sifa za kujiunga za mwaka unaoomba na uulize waziwazi kama shahada yako ya ualimu inakubalika, kwani wapo waliolipia maombi kabla ya kuuliza. Kisha omba kibali cha kutembelea kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu nawe, uone wahudumu wanavyozungumza na familia iliyomleta mgonjwa amefungwa kamba, na uone pia mgonjwa huyo anapokuja kliniki akiwa ametulia. Chuoni uliza mambo matatu: mafunzo kwa vitendo hufanyika hospitali gani, mwanafunzi husimamiwa na nani, na hukutana na msimamizi wake mara ngapi kwa mwezi. Programu isiyoweza kukujibu hayo usiilipie ada.