Feni inavuma nyuma, fundi anataka kung'oa betri kubwa

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Corolla Axio Hybrid ya 2014, naishi Chumbageni, Tanga. Ni gari la kupeleka watoto shule na sokoni, na mwisho wa mwezi tunapanda Lushoto kwa wazazi. Siku hizi feni inavuma nyuma kwenye kiti cha watoto, alama ya betri inajaa na kushuka upesi, na injini inawaka hata nikiwa nimesimama. Fundi anasema betri imekufa, bora atoe haibridi gari libaki la petroli tupu. Nikubali?

JIBU: Marahaba. Usikubali, na gari lisilale kwenye gereji hiyo.

Hilo la "kutoa haibridi", yaani kung'oa mfumo wa umeme unaosaidiana na injini ya petroli, linauzwa kwa watu kila siku, na halipo. Fungua boneti utafute mkanda mbele ya injini. Huupati. Gari hili halina altaneta wala stata. Kompresa ya AC inazungushwa na umeme wa betri kubwa, na pampu ya maji ya injini nayo ni ya umeme. Kinachowasha injini ni mota iliyomo ndani ya giaboksi, inayokula umeme wa betri kubwa ya volti 144. Ukiitoa betri hiyo, neno READY (gari liko tayari kwenda) halitokei kwenye dashibodi na gari halisogei. Betri ndogo ya volti 12 kazi yake ni kuamsha kompyuta na kufunga relei. Haina ubavu wa kuzungusha injini hiyo.

Kuligeuza kweli ni kununua injini nyingine, giaboksi, stata, altaneta, kompresa, nyaya, kompyuta, na kubadili hata mfumo wa breki, kwa sababu breki zake zinasaidiwa na pampu ya umeme. Injini yenyewe, 1NZ-FXE, ina nguvu farasi 74 tu. Ni mota inayoongeza hadi jumla iwe 100, na ndiyo inayokubeba pale Mombo unapoanza kupanda kuelekea Soni.

Sasa gari lako. Feni inayovuma ni ya kupoza betri, nayo huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye nyavu lililo chini, pembeni mwa kiti cha nyuma. Angalia kama halikuzibwa na begi la shule, khanga au mkeka. Kisha mwambie fundi afungue kiti aitoe feni yenyewe: kwenye mabawa yake utakuta vumbi, nywele na makombo ya biskuti vimegandana kama blanketi. Asafishe kwa brashi laini. Betri ikishindwa kupumua hupata joto, kompyuta huibana, na injini inabebeshwa kazi zaidi. Joto la Tanga halisamehe: gari likiwa limeshinda juani, fungua madirisha dakika mbili hewa ya moto itoke, halafu funga uwashe AC. Hewa unayopumua wewe ndiyo inayopumua betri.

Ukishuka kutoka Lushoto alama ikajaa na injini ikanguruma, hiyo si hitilafu. Betri imejaa, na gari linaizungusha injini ili kupunguza umeme wa ziada. Weka gia kwenye B, injini isaidie kulizuia gari, breki zipumzike.

Feni ikisafishwa na alama ikaendelea kupanda na kushuka ovyo, hapo tupime betri. Kusoma kodi P0A80, ile inayosema betri kubwa ibadilishwe, peke yake hakutoshi. Fundi asome kwenye mashine volti za kila kundi la seli wakati gari linavuta mlima, na wewe uzione. Kundi moja likianguka huku mengine yametulia, hapo pana ugonjwa. Kwa mji wa pwani, afungue pia vipande vya shaba vinavyounganisha seli. Mara nyingi vimeota kutu ya kijani, na kutu hiyo pekee huvuruga vipimo. Visafishwe, nati zikazwe kwa spana ya torki, maana ukizikaza kwa nguvu za mkono unakata nyuzi za bolti na seli imeharibika.

Njia ya mkato inayonikera zaidi ni "tubadilishe seli moja". Betri hiyo ina vipande 20 vya volti 7.2, ndivyo mafundi wanavyoviita seli, navyo vimezeeka pamoja. Ukiingiza seli moja yenye uwezo tofauti, inajaa na kuisha kwa wakati wake, na baada ya miezi michache inakufa ya jirani. Unarudi, unalipa tena. Seli zisizolingana uwezo hazikai pamoja, hata fundi akuapie. Ukinunua betri iliyotumika, ipimwe yote ikiwa kwenye mzigo, yaani inavutwa umeme, kabla hujatoa pesa.

Tena, yeyote atakayegusa nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, kwanza achomoe plagi ya usalama ya betri, akae nayo mfukoni, asubiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachobadili umeme wa betri uende kwenye mota) uishe, na avae glavu za mpira za kuzuia umeme mkubwa. Volti 144 zinaua. Ukimwona anafungua kifuniko cha betri mikono mitupu, bisibisi mdomoni, chukua ufunguo wako uondoke.

Na betri ya zamani ikitolewa, ondoka nayo. Wengi huiacha gerejini kama takataka, kumbe seli zake nyingi bado zina uhai, na ndizo anazouziwa mwenzako kesho kwa jina la betri iliyofufuliwa.