Majaribio ya dawa za kansa ya mapafu: mlioniuliza, haya majibu

Toka niandike jinsi nilivyomuuguza baba yangu na kansa ya mapafu maswali yamekuja mengi, mengine usiku wa manane kabisa, na karibu yote yanazunguka kitu kimoja: haya majaribio ya dawa mpya yanapatikanaje na mgonjwa anaingiaje. Udaktari sijasomea, nimeuguza tu, ila kwa miaka miwili nilisoma kila karatasi iliyopita mkononi kwangu na madaktari niliwaganda kwelikweli. Nawajibu ninachokijua, maamuzi ya mgonjwa wako kaa na daktari wake.

Dada shikamoo. Baba ana kansa ya mapafu, tuko Mbagala, anatibiwa hospitali ya kansa ya Ocean Road. Naanzia wapi kumtafutia hayo majaribio?

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na kuuguza. Kabla ya kuingia mtandaoni fungua bahasha ya mzee. Mle ndani tafuta majibu ya kinyama, yani pale walipomkata kipande wakaenda kupima, achana kwanza na eksirei na CT skani. Karatasi hiyo ndo inasema ni kansa ya aina gani, maana kuna ya seli ndogo na isiyo ya seli ndogo, hii ya pili ndo wanayo wengi, kama 85 kati ya 100, na nayo ina makundi yake humo ndani. Afu uliza kama walipima jeni za uvimbe, EGFR na ALK, na kipimo kingine cha protini inaitwa PD-L1. Nakazania hapa kwa sababu kuna dawa inaitwa gefitinib, mwanzoni walikuwa wanawapa wagonjwa bila kuchagua, wengi haikuwasaidia lakini wachache uvimbe ulikuwa unanywea mpaka madaktari wenyewe wanashangaa, mwaka 2004 ndo watafiti wakagundua kwamba wengi wa wale wachache uvimbe wao una badiliko kwenye jeni ya EGFR. Toka hapo majaribio mengi yanachagua watu kwa alama ya uvimbe, ukipiga simu huna hiyo karatasi unakwama swali la kwanza tu.

Na kile kipande hakitupwi jamani. Cha baba kilikuwa kimegandishwa kwenye nta juu ya kikasha kidogo cha plastiki, unakishika kwa vidole viwili, chenyewe kama chembe ya muhogo, na kumbe hicho hicho kikitosha kinapelekwa kupimwa jeni bila kumchoma mgonjwa tena. Sisi hatukujua. Baba alipewa dawa za TB miezi 6 mizima, makohozi yalikuwa hayaonyeshi kitu ila anakohoa na anakonda ikaonekana ndo hiyo, kinyama kikaja kukatwa mwezi wa 8, na siku tunasikia kuna utafiti Afrika Kusini wa watu wa aina yake, walikuwa wanataka ambao hawajaanza kemo na baba alishamaliza mizunguko 3. Nililia kwenye daladala mpaka konda akaniuliza kuna msiba. Kwahiyo uliza mapema, kabla ya dripu ya kwanza kama inawezekana, ila usije ukasimamisha matibabu ya mzee unasubiri utafiti ambao hata hujaupata, kansa haisubiri.

Sasa ndo uingie tovuti ya ClinicalTrials.gov, inaendeshwa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani lakini ina tafiti za nchi nyingi sana. Andika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, weka nchi, afu chuja zile zilizoandikwa Recruiting, ndo zinaandikisha watu sa hivi. Kuna na daftari la kusajili majaribio ya Afrika linaitwa PACTR, liko Cape Town. Ukiona utafiti unasema uko Tanzania uliza kibali cha maadili cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu ndo inaidhinisha. Nikwambie ukweli mdogo wangu, mengi bado yako Marekani, Ulaya na China, Afrika zinazoongoza ni Misri na Afrika Kusini, huku kwetu ni ya kuhesabu. Ndo maana daktari wa mzee muulize kila kliniki, na umuulize kwa maneno haya haya: kuna utafiti wowote unaoandikisha watu wenye uvimbe kama wa baba?

Kaka zangu wamekataa, wanasema mama atafanywa panya wa maabara.

Hofu yao ina historia, usiwabeze. Kule Tuskegee Marekani, toka 1932 mpaka 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili waangaliwe tu ugonjwa unavyokwenda, hata penisilini ilipokuja hawakupewa. Kwa sababu ya mambo kama hayo leo kuna kamati za maadili na kuna fomu ya ridhaa, na mama ana haki ya kuielewa kwa lugha yake, kwenda nayo nyumbani mkaisoma wote, na kama hajui kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye mtu wa watafiti ndo aweke dole gumba. Akishaingia anaweza kutoka siku yoyote, tena bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea.

Waulize pia watafiti, utafiti wao uko awamu ya ngapi. Ya kwanza ni watu wachache, wanatafuta dozi na madhara, ya pili wanaangalia kama dawa inafanya kazi, ya tatu ni mamia au maelfu ya watu na dawa mpya inapambanishwa na ile inayotumika sa hivi. Uamuzi wa awamu ya kwanza na wa awamu ya tatu ni mambo mawili tofauti kabisa. Nenda na hao kaka zako kliniki wamuulize daktari wenyewe, wewe peke yako hutawaweza.

Ni kweli nusu ya wagonjwa wanapewa dawa feki?

Kwenye kansa ni nadra mtu kupewa kidonge kitupu peke yake kama kuna tiba inayojulikana. Mara nyingi wote wanapata tiba ya kawaida, afu kundi moja linaongezewa dawa mpya na jingine linaongezewa isiyo na kitu. Nani aende wapi inachagua kompyuta, daktari hachagui. Kama kuna kidonge kitupu lazima fomu iseme.

Mama mkwe wangu amekataliwa, eti hana nguvu za kutosha. Huu si ubaguzi?

Pole mwanangu. Wanapima mtu anavyojimudu kwa namba toka 0 mpaka 5, majaribio mengi yanachukua 0 na 1, yani anayetembea na kufanya shughuli nyepesi mwenyewe. Wanaangalia pia figo, ini, na kama kansa imefika kwenye ubongo. Inauma ila dawa ambayo haijajulikana vizuri inaweza kummaliza mtu aliyedhoofika. Ila kukataliwa kwenye utafiti mmoja hakumfungii mingine, masharti yanatofautiana. Na wenye virusi vya Ukimwi zamani walikuwa wanafungiwa karibu wote, sasa kuna majaribio yanayowachukua kama anatumia ARV na kinga iko vizuri, kwahiyo msifiche, semeni na muulize.

Niko Columbus, Ohio, mama yangu anaumwa hapa hapa na Kiingereza hajui. Ataweza kweli?

Ataweza dada. Omba mkalimani wa Kiswahili, hospitali zinazopokea hela ya serikali ya shirikisho zinatakiwa kumtoa bure, na usikubali mjukuu wa miaka 12 ndo amtafsirie bibi mambo ya kansa. Kama ana Medicaid, ile bima ya serikali ya Marekani ya wenye kipato kidogo, toka 2022 inatakiwa ilipie gharama za kawaida za mgonjwa aliye kwenye utafiti, vipimo na kulazwa. Usafiri na pa kulala uliza kwa nesi mratibu, kuna tafiti zinarudisha hiyo hela.

Kuna mtu anataka milioni 3 aniingizie mzee kwenye utafiti India.

Usitoe hata mia. Kuingia kwenye utafiti wa kweli hakuuzwi, na dawa inayojaribiwa kwa kawaida ni bure. Mwombe namba ya usajili wa utafiti uitafute mwenyewe. Akianza kuzungusha maneno mblock.

Dawa ikimsaidia baba halafu utafiti ukaisha, itakuwaje?

Hili swali nashukuru umeuliza, wengi wanalikumbuka dawa imeshakatika. Azimio la Helsinki, yani kanuni za maadili za madaktari wa dunia kuhusu utafiti kwa binadamu, linataka mpango wa dawa baada ya utafiti upangwe kabla haujaanza, na mgonjwa aambiwe wakati wa ridhaa. Kwahiyo kwenye fomu tafuta sehemu inayosema baada ya utafiti, pamoja na ile ya nani analipa mgonjwa akidhurika. Kunja kona za hizo kurasa mbili, nenda nazo kliniki, na baba asisaini mpaka mtu wa utafiti awaeleze kwa Kiswahili nani atatoa dawa, kwa muda gani, na mtaifuata wapi.