Gari la waya la kaka yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza mjukuu wangu akiingia kidato cha kwanza achague mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono, au wa jumla, maana mtaala ulioanza 2024 unatoa zote mbili, nawe unahofia amali itamharibia.

Unalikumbuka gari la waya la kaka yako? Lazima unalikumbuka, ulilia kuliko yeye. Magurudumu ya kandambili, springi za njiti za mwavuli wa mama yako. Usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la saba nilimkuta anahangaika na magurudumu ya mbele, daftari limefungwa. Nikalikanyaga. Hakusema neno. Aliokota vipande akavitia kwenye kopo la maziwa, na tangu siku hiyo sikumwona ameshika koleo.

Miaka mingi baadaye fundi wa gereji akanieleza kwa nini tairi zangu zinalika upande mmoja. Gari likikata kona, akasema, gurudumu la ndani lazima lipinde zaidi ya la nje. Nikanyamaza. Kwenye lile gari la waya kulikuwa na vipande viwili vifupi nyuma ya ekseli, vimeinamishwa kwa ndani, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo. Kaka yako alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemfundisha.

Mkono nao una akili yake, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwenye vibao kwa rangi za baiskeli, bila chuo chochote, na leo vijana wa Dar es Salaam wanakula kwa mtindo wenye jina lake.

Lakini najibishana mwenyewe: si mshahara wa benki wa kaka yako uliomtibu mama yako? Ndiyo. Na bila hesabu mkono huo ungefika wapi? Najua. Hata hivyo, mkono nao una akili yake, na mimi niliukanyaga.

Ulimi unaniwasha nikwambie achague nini. Sisemi, mtoto ni wenu. Ila akija Desemba asiiache nyumbani ile redio aliyoifumua. Nimeshamtafutia waya, na koleo la kaka yako bado ninalo.

Baba yako