Unataka kupunguza kilo 50? Anza kuhesabu asilimia 5

Ujumbe ulioingia wiki iliyopita ulikuwa mfupi. Mwanamke wa miaka 35, urefu sentimita 165, uzito kilo 120. Harusi ya mdogo wake iko miezi sita mbele na anataka siku hiyo awe na kilo 70. Swali lake: ajiwekee lengo kubwa limpe hasira ya kupambana, au madogo madogo asije akakata tamaa njiani?

Dada, tuanze na hesabu. Kilo 50 kwa wiki 26 ni karibu kilo 1.9 kila wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kalori 7,700, kwa hiyo kila siku ungetakiwa kupungukiwa na kalori kama 2,100. Mwili wako, kwa umri na urefu huo na siku ya kawaida ya kukaa kazini na kutembea kidogo, unatumia kalori 2,500 hivi. Ukitoa 2,100 zinabaki 400 za kula. Hiyo ni chapati moja na kikombe cha chai ya maziwa kutwa nzima, siku 182 mfululizo. Na bado hatujaweka kwamba mwili ukipungua matumizi yake nayo hushuka: kila kilo 10 zinapoondoka, hupungua kalori kati ya 150 na 250 kwa siku. Kufika mwezi wa tatu hata hiyo chapati hesabu imeshaila.

Kwa hiyo tarehe ya harusi ifute. Kilo 70 usizifute.

Hapo ndipo washauri wengi hukosea. Wanamwambia mwenye kilo 120 aache ndoto kubwa, aridhike na kilo tano. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani waliwauliza wanawake 60 wenye unene uliokithiri wanataka kupungua kiasi gani, na wastani wa lengo lao ulikuwa asilimia 32 ya uzito wa mwili. Walisema wakipungua kilo 17 tu watasikitika. Baada ya wiki 48 za matibabu walikuwa wamepungua wastani wa kilo 16, na karibu nusu yao hawakufika hata kwenye uzito waliouita wa kusikitisha. Kilo 16 ni matokeo makubwa sana kitabibu, ila wao waliyasoma kama kushindwa. Kutokana na mambo kama haya ikazoeleka kusemwa kwamba lengo kubwa huua ari. Lakini mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha makala iliyoorodhesha imani kuhusu unene ambazo ushahidi hauziungi mkono, na hiyo ilikuwa mojawapo. Wapo wenye malengo makubwa waliopungua zaidi ya wenye malengo ya wastani.

Zaidi ya hapo, kuna faida zinazokuja mapema na kuna zinazodai kilo nyingi. Kwa mapema: utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari uliotoka mwaka 2002 uliwapa watu waliokuwa karibu kuugua lengo la kupungua asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ya kupata kisukari ikashuka kwa asilimia 58. Magoti nayo hayasubiri. Kila kilo moja inayoondoka hupunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua ya mguu, hivyo kilo 6 ni kama kutua mzigo wa kilo 24 unapotembea. Kwa upande wa pili, utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 uliwafuata watu waliougua kisukari aina ya pili kwa miaka isiyozidi sita. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 kati yao sukari ilirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa kilo tano ni wachache wanaofika hapo. Mwenye sukari ana sababu halali ya kutaka kilo nyingi, asichekwe.

Jibu letu basi: lengo kubwa liandike mara moja, likae. Usilipime kila wiki. Kinachopimwa ni hatua, na hatua moja iwe asilimia 5 ya uzito ulio nao unapoianza.

Kwa nini asilimia, wakati kilo kumi kumi ni rahisi kukumbuka? Kwa sababu kilo 10 kutoka 120 na kilo 10 kutoka 80 si kazi moja. Ya kwanza ni asilimia 8 ya mwili, ya pili ni zaidi ya 12, na inakuja wakati mwili umeshakuwa mdogo na unatumia chakula kidogo. Anayehesabu kilo kumi kumi hatua zake zinazidi kuwa ndefu kadiri anavyoendelea, halafu anajilaumu kwamba amekuwa mvivu. Kwa asilimia 5, dada yetu atatoka 120 kwenda 114, kisha 108.3, kisha 102.9, kisha 97.7, na kuendelea. Hatua 11 zinamfikisha kilo 68, ambayo kwa urefu wake ndiyo BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 25, mpaka wa juu wa uzito unaoitwa wa kawaida. (Gawa kilo kwa urefu wa mita, jibu uligawe tena kwa urefu, leo yeye ana 44.)

Hatua ya kwanza ni kilo 6. Muda wake uandikwe kama kipindi, wiki 8 hadi 12, kamwe usiwe siku moja kwenye kalenda. Ukiandika "tarehe 30", tarehe mosi utakuwa umeshindwa hata kama umebakiza nusu kilo.

Mizani haisikii amri, kwa hiyo chini ya kila hatua ziwepo kazi mbili au tatu unazoweza kuzifanya kwa mikono yako. Hapa ndipo uchache una maana. Unatafuta upungufu wa kalori 500 hivi kwa siku, na katika jiko la kawaida la Kitanzania upo bila kugusa vyakula vya ajabu. Vikombe viwili vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni kalori karibu 100. Soda moja ya mililita 300 ni kama 130. Mafuta ya kupikia ndiyo mwizi mkubwa, kwa sababu humiminwa kwa jicho: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120. Sufuria ya mboga ya watu wanne iliyokuwa ikimiminiwa vijiko sita ikipata viwili, kila mlaji amepungukiwa 120. Ugali wa gramu 200 za unga ukishuka hadi gramu 150 unatoa 180 nyingine. Jumla imepita 500, na bado umekula ugali.

Kazi ziandikwe hivi: "mafuta kwa kijiko, siku 6 kati ya 7", "chai bila sukari nyumbani", "kutembea dakika 20 baada ya chakula cha jioni, siku 5". Zinakubali jibu la ndiyo au hapana. "Kula vizuri" haikubali jibu lolote.

Kitu kimoja usikikate ni protini. Ukipungua haraka bila protini ya kutosha na bila kutumia misuli, sehemu isiyo ndogo ya kinachoondoka ni nyama ya mwili badala ya mafuta. Kwa mwili kama wa dada huyu lenga gramu 80 hadi 90 kwa siku: mayai mawili (12), kikombe cha maharage yaliyoiva (15), gramu 30 za dagaa wakavu (18), kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 (25 hivi), na ugali wenyewe unaongeza kama 12. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii bila daktari wake. Kisha siku mbili au tatu kwa wiki simama na kukaa kwenye kiti mara kumi, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Hilo ni zoezi la kutosha kuanzia kwa mwenye kilo 120. Kuruka kamba na kukimbia subiri, magoti yatakushtaki.

Sasa mizani, maana hapa ndipo malengo mengi mazuri hufia. Iweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, usiiweke juu ya zulia. Betri ikichoka inatoa namba za uongo. Soma uwezo wake chini: nyingi za nyumbani huishia kilo 150 au 180, na aliyezidi hapo apime hospitali. Panda asubuhi, baada ya msalani na kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile. Namba ya siku moja haina maana. Andika siku saba, jumlisha, gawa kwa saba, linganisha na wastani wa wiki iliyopita. Kwa mfano, kuanzia Jumapili, 117.8, 118.4, 117.5, 118.9, 118.2, 117.6 na 117.4: ukiangalia siku moja moja utadhani Jumanne umefaulu na Jumatano umeharibu, kumbe wastani ni 118 na wiki iliyopita ulikuwa 118.7. Mambo yanakwenda.

Maji ndiyo yanayochezesha namba. Wiki ya kwanza zinaweza kuondoka kilo mbili au tatu, na nyingi ni maji, kwa sababu wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji yake, karibu gramu tatu kwa kila gramu. Usiipigie hesabu ya mwaka mzima wiki hiyo. Biryani yenye chumvi ya Jumapili inaweza kurudisha kilo nzima Jumatatu bila hata gramu 100 za mafuta mapya. Kwa wanawake, siku za kuelekea hedhi huongeza maji pia, kwa hiyo linganisha wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Mara moja kila wiki mbili pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kitovu, baada ya kutoa pumzi. Mwanamke aliyezidi sentimita 88 na mwanaume aliyezidi 102 wako kwenye hatari kubwa zaidi. Huko mbele lenga kiuno kisichozidi nusu ya urefu wako. Mara nyingi kiuno hushuka wakati mizani imenuna.

Wastani ukikwama wiki nne, usikimbilie kukata chakula. Angalia kwanza daftari la kazi. Kama ulizifanya chini ya siku nne kati ya tano, tatizo ni kazi: ipunguze iwe inayofanyika, dakika 20 ziwe 10. Kama kweli ulizifanya, basi mwili umeshakuwa mdogo na upungufu umekwisha. Toa kalori 100 hadi 200 nyingine au ongeza matembezi. Wengi hufanya kinyume. Wanakata zaidi wakati hata kile cha kwanza hawajakifanya.

Kila baada ya hatua mbili, simama. Wiki nne za kushikilia: ongeza kalori 200 hivi, uzito uruhusiwe kucheza ndani ya kilo mbili, kazi zote ziendelee. Huko Melbourne watu 200 waligawanywa, nusu wapungue kwa wiki 12 na nusu kwa wiki 36. Wa haraka walifika lengo kwa wingi zaidi, lakini miaka karibu mitatu baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamerudisha takriban asilimia 71 ya kilo walizopoteza. Mwendo haukuwaokoa. Kushikilia ni ujuzi wake peke yake, na afadhali uufanyie mazoezi ukiwa na kilo 108 kuliko kuukuta mara ya kwanza ukiwa na 70. Ramadhani na Idi, Krismasi, au hiyo harusi ya mdogo wako: panga wiki za kushikilia ziangukie hapo. Pilau utakula.

Kuhusu watu. Kwetu mtu akipungua huulizwa kama anaumwa, na mke akipungua lawama humfikia mume. Andaa jibu moja fupi kabla ya hatua ya tatu, ambapo nguo huanza kupwaya. Lengo lenyewe usilitangaze kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mwambie mtu mmoja anayepika au kula nawe, maana huyo ndiye anayeshika chupa ya mafuta.

Yafuatayo hayana mjadala. Anayetumia insulini, glibenclamide au gliclazide (dawa za kisukari) aongee na kliniki kabla ya kuanza, kwa kuwa chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile sukari inaweza kushuka vibaya. Anayetumia dawa za presha akianza kuona kizunguzungu akisimama, arudi apimwe. Huenda dozi imekuwa kubwa kwake. Kupungua zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki kwa wiki nyingi huongeza mawe kwenye kibofu cha nyongo. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kulia, hasa baada ya mlo wa mafuta. Mjamzito asipunguze kabisa. Na zile chai za kupunguza tumbo zinazoharisha zinatoa maji na madini, mafuta yanabaki palepale.

Ukishikwa kwenye hatua ya nne au ya tano kwa miezi mitatu, kazi zinafanyika, kiuno hakishuki, na BMI bado iko juu ya 35, peleka daftari lako kwa daktari na uulize wazi kuhusu dawa za kupunguza uzito na upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito. Nenda na wastani wa wiki 12 za mwisho, vipimo vya kiuno, na orodha ya dawa zote unazomeza.