"Sista, Minya Ambu"

Ijumaa iliyopita daktari tarajali mmoja aliniandikia kutoka Manyoni: "Dada, nifanyeje niwe mwepesi wa kumwekea mgonjwa mrija wa hewa kooni mpaka kwenye njia ya mapafu?" Nilikuwa kwenye daladala natoka zamu ya usiku. Nikashuka Majengo bila kumjibu, maana swali lenyewe lilinigusa penye kidonda. Leo namjibu mbele yenu nyote mnaofanya kazi chumba cha dharura.

Miaka sita iliyopita, katika hospitali nisiyoitaja, saa nane usiku aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongwa barabara ya Singida. Kichwa kimeumia, anakoroma, damu imejaa mdomoni. Daktari wa zamu alikuwa mzoefu, na mkono wake mwepesi kweli. Dawa ya usingizi ikaingia, mrija ukapita, akatangaza kwamba ameuona ukipita. Mimi, muuguzi, nilishika ambu, ule mfuko wa kuminya unaosukuma hewa kwenye mrija. Nikaminya mara ya kwanza, kifua kimya. Mara ya pili, tumbo likainuka, dalili kwamba hewa inakwenda tumboni badala ya mapafuni. Monita ilisoma 98, asilimia ya oksijeni kwenye damu inayopimwa kidoleni.

Nikasema kwa sauti ya chini, "Dokta, tumbo linajaa."

"Sista, minya ambu."

Nikaminya. Namba ikashuka hadi 91, akasema kipimo cha kidole kimelegea, tukakihamishia kidole kingine. 84. Tukahamisha tena. Mrija ulipotolewa moyo ulikuwa umeshasimama, na hatukuurudisha. Kwenye faili likaandikwa jeraha la kichwa. Asubuhi mama yake alinishika mikono akanishukuru kwa kuhangaika na mwanawe, nami nikazipokea shukrani zile.

Nilichokuja kukielewa baadaye, nilipoanza kusoma kwa hasira, ni kwa nini ile 98 ilitudanganya. Oksijeni unayompa mgonjwa kabla ya mrija inabaki kwenye mapafu kama akiba, nayo inaweza kumbeba dakika kadhaa bila pumzi hata moja. Kwa hiyo kipimo cha kidole kinakupa habari za nyuma. Mvuke ndani ya mrija unadanganya pia, na sauti unayoisikia kwa stetoskopu inaweza kuwa ya tumbo. Kinachosema kweli ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka pumzi baada ya pumzi, mstari ukipanda na kushuka kwenye kapnografia, kipimo cha hewa hiyo. Mstari ukilala, hesabu kwamba mrija hauko mahali pake mpaka uthibitishe vinginevyo. Uingereza walifanya ukaguzi wa nchi nzima, ripoti ikatoka 2011, wakakuta kwamba kutokuwa na kipimo hicho, au kutojua kukisoma, kulichangia vifo vingi kati ya vile vilivyotokana na matatizo ya njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Uingereza hiyo, penye kila kitu! Sisi tuna kipimo kimoja, na tunakigombania na chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, acha kutafuta wepesi. Inua kichwa cha kitanda. Mpe oksijeni dakika tatu kamili, usikatishe kwa sababu watu wanakutazama. Saksheni, mashine ya kuvuta damu na mate mdomoni, iwashwe uisikie ikivuta, si kuambiwa kwamba ipo. Halafu kabla dawa haijaingia sema kwa sauti utafanya nini mrija ukigoma, na mtaje kwa jina mtu mwenye ruhusa ya kukwambia "toa". Namrudia huyo wa mwisho kwa sababu ndiye ninyi madaktari mnayemruka. Mnakagua laringoskopu, kifaa chenye taa cha kutazamia koo, mnakagua betri, lakini hamwulizi muuguzi anaona nini! Na ninyi wauguzi wenzangu, acheni kunong'ona. Mimi nilinong'ona.

Mwezi uliopita tulipokea mama kutoka Kongwa, nimonia kali, amechoka kupumua. Daktari, kijana wa juzi tu, alinigeukia kabla ya dawa: "Dada, wewe ndiye macho yangu." Mrija ukaingia, nikaminya mara mbili, mstari umelala. Nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka mapokezi: "Toa!"

Hakuniuliza kitu. Alitoa, akaishika barakoa kwa mikono miwili, mimi nikaminya, kifua kikainuka, namba ikarudi 95. Jaribio la pili mstari ulipanda na kushuka, ukapanda tena, na sote mle chumbani tukawa tunauhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.