Matema kwa begi moja: ufukwe wa bei nafuu tulio nao chini ya mlima

Watu wengi wa Mbeya ninaowafahamu wakitaja ufukwe wanamaanisha Zanzibar, au Bagamoyo kwa mwenye ndugu Dar. Wanapiga hesabu ya basi, boti na hoteli, wanaahirisha hadi mwakani, na mwakani ukifika wanaahirisha tena. Huku nyuma, ukiteremka kutoka Uyole ukapita Tukuyu mpaka lami inapoishia, unafika Matema, wilayani Kyela, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Kuna mchanga, kuna miembe, kuna maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imepanda moja kwa moja kutoka ziwani. Nilianza kwenda huko na begi mgongoni nikiwa sina kazi ya kueleweka, na sasa nina mshahara bado naenda vilevile, kwa sababu sijaona faida ya kwenda kwa namna nyingine.

Lieleweke mapema hili: Matema ni rahisi kwa mwenye muda na ghali kwa mwenye haraka. Hela inaishia barabarani, siyo ufukweni. Anayekodi gari dogo Jumamosi asubuhi ili Jumapili jioni awe amerudi, amelipia mafuta ya kwenda na kurudi kwa usiku mmoja wa kulala, tena usiku wenyewe ndio ule ambao wenzake wote nao wamekuja. Anayepanda gari za abiria Jumatatu na kukaa mpaka katikati ya wiki, nauli yake inagawanyika kwenye siku nyingi, na chumba anapewa bei ambayo Jumamosi asingeisikia. Kwa hiyo kabla hujahesabu shilingi, hesabu siku. Kama huna siku za kutosha, nenda zako Ziwa Ngosi ukatembee, urudi kulala nyumbani.

Namna ya kufika

Kwa aliye Mbeya mjini, gari za Tukuyu na Kyela zinapatikana stendi ya Nane Nane. Anayetoka Iringa, Mafinga au Makambako asijisumbue kuingia mjini. Mwambie konda akushushe Uyole, maana hapo ndipo barabara ya Tukuyu inapoachana na ile kuu ya TANZAM, ya Tanzania na Zambia. Utaokoa nauli na foleni.

Coaster ya Kyela haikufikishi Matema. Unashuka Kikusya, ambako barabara ya lami ya kwenda Matema kupitia Ipinda inachepuka, au unaendelea hadi Kyela mjini na kutafuta usafiri pale. Zipo Noah zinazopanga abiria kama magunia, na zipo bodaboda. Mimi napendelea kusubiri gari, kwa sababu bodaboda na begi kubwa mgongoni kwa mwendo ule haviendani. Ila jua likishazama gari huadimika, na bei ya bodaboda wa usiku anaipanga yeye. Toka Mbeya asubuhi.

Njia yenyewe ni sehemu ya safari. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini kidogo ya mita 500, kwa hiyo ndani ya saa chache unaanza na viazi na baridi, unapita chai na migomba ya Rungwe na maparachichi ya Tukuyu, kisha masikio yanaziba na hewa inakuwa nzito. Ukiona kakao imeanikwa kwenye mikeka nje ya nyumba, ujue umefika Kyela. Mwenye muda zaidi anaweza kushuka njiani: Isongole kwa ajili ya Ziwa Ngosi, au Kiwira kwa ajili ya Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili. Ziwa Masoko nalo liko upande huo, lile linalosemwa kuwa Wajerumani walitupa sarafu zao humo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Lakini usijaribu kuvipitia vyote siku moja ukiwa na begi. Utafika ufukweni umechoka kama punda wa Mbarali.

Uende lini

Kyela inanyeshewa kwelikweli. Machi, Aprili na Mei mashamba ya mpunga yanajaa maji, mbu wanakuwa wengi, na siku nyingine ziwa lenyewe lina rangi ya matope ya mito. Kuanzia Juni mambo yanakauka. Juni hadi Agosti kuna ubaridi mzuri, lakini ndio msimu wa mwera, upepo wa kusini unaokimbia juu ya ziwa zima na kupiga mawimbi Matema. Ziwa hili lina urefu unaozidi kilomita 500, na Matema iko mwisho wake wa kaskazini, kwa hiyo wimbi likifika hapo limeshapata nguvu. Septemba na Oktoba ndizo ninazozipenda mimi: joto, maji matulivu, watu wachache.

Epuka Krismasi, Mwaka Mpya na Pasaka kama unachotafuta ni utulivu. Spika zinateremka na watu kutoka Mbeya, na kila mti unakuwa na muziki wake. Mwanzoni mwa Agosti nako angalia: maonesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale yanajaza gesti za Mbeya, hivyo kama unatoka mbali na ulipanga kulala mjini kwanza, unaweza kujikuta unalipa zaidi kwa chumba cha Mbeya kuliko cha ufukweni.

Kulala na kula

Malazi ni ya aina kadhaa. Iko nyumba ya wageni ya kanisa la Kilutheri, KKKT, karibu kabisa na maji, ziko lodji za watu binafsi, na ziko gesti za kijijini ambazo haziko kwenye mtandao wowote, zina kitanda, chandarua na ndoo ya maji, basi. Sehemu kadhaa za ufukweni hukubali upige hema kwenye uwanja wao kwa malipo madogo. Hema ndilo jibu la mwenye hela kidogo, lakini lipige ndani ya eneo lenye mlinzi, siyo peke yako mchangani. Siyo kwamba watu wa Matema ni wabaya. Ni kwamba mchanga ule ni njia ya wavuvi alfajiri, na hawana sababu ya kukuzunguka wewe.

Bei ya chumba ulizia kwa simu kabla ya kwenda, halafu ukifika uulizie tena ukiwa umetaja siku utakazokaa. "Nakaa mpaka Alhamisi" ina nguvu kuliko "naomba unipunguzie". Beba pesa taslimu za kutosha. Mawakala wa kutoa fedha wapo, lakini wakala wa kijijini naye ana kiwango cha noti alizonazo siku hiyo.

Chakula kitakugharimu kidogo ukikubali kula wanachokula wenyeji. Mgahawa wa lodji utakuandalia samaki, lakini agiza mapema, asubuhi kwa ajili ya mchana, kwa sababu mara nyingi samaki mwenyewe bado hajanunuliwa. Kijijini, kwa mama ntilie, utapata wali wa mchele wa Kyela ule wenyewe unaonukia kabla haujafunuliwa, na dagaa wa Nyasa au kipande cha samaki aitwaye mbasa. Mbasa ana miiba mingi, kula taratibu. Nimekula hoteli za Dar wali ulioandikwa kwenye menyu kuwa ni wa Kyela, na ninaomba Mungu awasamehe.

Maji yana adabu zake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wageni wa kutoka milimani tunapojidanganya kwa kuwa ziwa halina papa wala chumvi.

Kwanza mamba. Wapo kwenye midomo ya mito inayoingia ziwani na kwenye matete, siyo kila mahali. Ufukwe ulio wazi mbele ya nyumba za wageni ndio watu wanaoogea. Njia bora ya kujua ni kuuliza akina mama wanaofua: "Shikamoo mama, mnaogea upande gani siku hizi?" Watakuonesha kwa kidole, na watakuambia pia usipopaswa kwenda. Usiamini ramani ya simu, na usioge jioni giza likiingia.

Pili kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa maji baridi, na konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi, lakini ndogo siyo sawa na hakuna. Ukitoka majini jifute mara moja, usikauke kwa upepo. Halafu, wiki sita mpaka nane baada ya kurudi, nenda hospitali upime mkojo na choo hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya vidonge na inafanya kazi vizuri. Ugonjwa huu unaumiza wale wanaoupuuza kwa miaka.

Tatu malaria, na hili linatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko mtu wa Kyela. Aliyekulia Makete au Mbeya mjini hajazoea vimelea hivyo mwilini, kwa hiyo akiugua anaugua kweli. Lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu jioni, paka dawa ya kufukuza mbu. Homa ikikushika wiki moja au mbili baada ya kurudi, usiseme ni mafua ya baridi ya Mbeya. Nenda ukapime, na mwambie daktari ulikuwa Kyela.

Mwisho upepo. Asubuhi ziwa linaweza kuwa tulivu kabisa, saa nane mchana likawa halishikiki. Safari zozote za mtumbwi zifanye mapema, na usipande chombo ambacho hakina boya la kujiokolea kwa ajili yako. Mvuvi akisema leo hatuendi, usimwongezee hela ili abadilishe mawazo.

Siku nyingine utaona kitu kama moshi mzito umesimama katikati ya ziwa. Si moto. Ni kungu, visubi wadogo wanaoibuka majini kwa mamilioni. Wakielekea ufukweni funga mlango na zima taa. Kuna watu kandokando ya ziwa hili wanaowakusanya na kuwakandamiza kuwa mikate ya kula. Mimi sijafika huko.

Ikombe na vyungu

Ukichoka kulala mchangani, nenda Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji. Unaweza kwenda kwa mtumbwi au kwa miguu ukiufuata ukingo wa ziwa, na wa miguu avae viatu vya kushika mawe. Wanawake wa Kikisi ndio wafinyanzi. Wanazungusha chungu kwa mkono bila gurudumu la kufinyangia, wanakilainisha, wanakichora, na kazi inakwenda haraka kiasi kwamba ukitazama simu kidogo umepitwa na shingo nzima ya chungu. Vyungu hivyo hupakiwa kwenye mitumbwi na kuuzwa kwenye soko la Lyulilo, jirani na Matema, siku ya Jumamosi. Ni moja ya sababu chache zinazoweza kunifanya nikubali kukaa hadi wikiendi.

Ukienda, ingia kwa salamu, siyo kwa kamera. Omba kwanza kupiga picha, na nunua hata kijichungu kidogo. Mpe pia aliyekuongoza malipo mliyokubaliana kabla hamjaanza kutembea. Mwenye nguo ya kuogelea ajifunge kanga akitoka mchangani kuingia kijijini, mwanamume naye avae shati. Kwa Wanyakyusa, "ndaga" (asante) moja inafungua mlango, na "ndaga fijo" (asante sana) baada ya kula inakuletea kijiko cha pili cha mboga.

Begi lenyewe liwe dogo. Kanga mbili au kikoi, ndala, viatu vya kutembelea, tochi, pawabenki kwa sababu umeme una tabia zake, chupa ya maji ya kujaza, dawa zako, chandarua kama unalala kwenye hema. Taulo nene la nyumbani liache, halikauki.

Siku ya kurudi, amka mapema na umwambie konda tangu jana yake, kwa sababu gari za asubuhi unagombania na wafanyabiashara wa samaki. Mchele ununue Ipinda ukiwa njiani, uushike mkononi na kuunusa kabla ya kulipa. Dagaa wakavu nao wabebe, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo nenda kabisa na ndoo ndogo yenye mfuniko. Ukipanda Coaster ya kupandisha Tukuyu, madirisha yamefungwa kwa mvua, na dagaa wako wamefungwa kwenye gazeti, konda atakupeleka siti ya nyuma kabisa, na hakuna abiria atakayekutetea.